Njia Nyeupe za Ubongo

Ubongo husifiwa kwa gamba lake la rangi ya majivu, lakini mimi nastaajabia zaidi nyuzi nyeupe zilizo chini yake. Mwaka 1935, Josef Klingler wa Basel, Uswisi, alieleza namna ya kugandisha ubongo wa maiti uliohifadhiwa katika formalini: barafu hutenga nyuzi, na njia zake zikafuatwa. Elimu hiyo ni dira ya daktari mpasuaji. Uvimbe waweza kuondolewa wote, mgonjwa akaamka hana usemi, kwa kuwa nyuzi zilizounganisha sehemu mbili nzima zimekatwa. Ndiyo sababu wagonjwa wengine huamshwa wazungumze wakipasuliwa. Kisu kisichojua njia chaweza kuokoa uhai wa mtu kikamnyima ulimi wake.