Baridi ya Ngorongoro na Mzigo wa Kuni

Sisi watu wa pwani tukitaja kipupwe, twakusudia upepo mwanana na shuka moja ya kujitanda alfajiri. Lakini msafiri atokaye Arusha mwezi wa Juni au Julai, akapita Mto wa Mbu na kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Karatu, hujua kuwa neno hilo lina maana nyingine huko. Karatu yenyewe imekaa kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari. Ukiendelea hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro wafika mita 2,300 hivi, na hapo ukungu huweza kukaa tangu alfajiri mpaka mchana ukaribie, usilione hilo bonde la duara lililo mita 600 chini yako. Wageni hulalamika kwamba hawakuwaona vifaru. Wenyeji wana shughuli nyingine: wanatafuta kuni.

Katika nyumba za Wairaqw wa Karatu, na katika maboma ya Wamasai huko juu, moto una kazi mbili. Huivisha chakula, na huwapa watoto joto usiku. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni jambo jema, kwani moshi huharibu macho na vifua vya mama zetu. Lakini gesi huivisha ugali ikazimwa, na baridi ikabaki pale pale. Tena mtungi hutaka fedha taslimu kwa mara moja, na kuni hutaka mgongo tu.

Kuni zenyewe zatoka wapi? Baina ya mashamba ya Karatu na kreta upo msitu wa nyanda za juu, ulio ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro iliyoundwa mwaka 1959. Ukungu ule ule unaotutetemesha huacha maji katika miti hiyo, nayo hushuka kuzilisha chemchemi za Karatu. Basi msitu ukikatwa, aliyepata kuni leo atakosa maji kesho. Ndiyo maana wenye mashamba hupanda migrevilea mipakani, wapate matawi ya kupogoa bila ya kuingia msituni. Asiye na shamba hana hata hilo.

Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Nadhani ni vigumu kuipata nchi inayoifasiri hadithi hiyo waziwazi kuliko hii, ambapo vyote vitatu vyategemea mlima mmoja. Na yule aendaye na kamba yake akarudi na mzigo wa kuni mgongoni auze, Mtume alimweka juu ya mwenye kuomba watu. Msafiri amwonapo mama barabarani ameinama chini ya mzigo, asimdharau.

Huja pia suala la janaba, pale maji yalipo kama barafu na kuni za kuyachemshia hazipo. Amr bin al-As (r.a.) yalimfika hayo usiku wa baridi kali katika vita vya Dhat-is-Salasil, mwaka wa 8 Hijria, akatayamamu, akasalisha, na Mtume alipoelezwa alicheka wala hakumkemea. Sharti zake zimo katika vitabu vya fiqhi, na imamu wa msikiti aulizwe.

Lililo baya zaidi ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani usiku, mlango na madirisha yakafungwa. Mkaa uliokolea hauna moshi wa kuonekana, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na waliolala huenda wasiamke. Bwana Mtume alikataza kuacha moto ukiwaka nyumbani watu wakalala. Jiko litolewe nje, watoto walale pamoja wajifunike. Na aliye na blanketi la ziada mjini Arusha, mabasi ya Karatu huondoka kila siku.