Sokcho: Siku Tatu Kati ya Bahari na Milima

Anayekusudia kuizuru Korea Kusini, na asitosheke na taa za Seoul, na atenge siku tatu kwa ajili ya Sokcho, mji wa pwani ya mashariki katika jimbo la Gangwon. Basi kutoka Seoul hufika huko kwa muda wa saa mbili na nusu hivi.

Kwetu sisi wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, hesabu ya siku ina uzito kuliko nauli. Msafiri asiyenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hubaki na ruhusa yake ya kupunguza swala. Kibla nacho chataka kuzingatiwa. Afrika Mashariki tumezoea kuelekea kaskazini. Sokcho huelekewa magharibi, kwa kupinda kidogo kaskazini. Basi anayeswali huipa bahari mgongo, na milima ya Seoraksan ikawa mbele yake.

Milima hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, na kilele chake, Daecheongbong, kina urefu wa mita 1,708. Wenye watoto na wazee hawalazimiki kukifikia: lipo gari la kebo linalopandisha watu hadi mahali pa kuutazama mji na bahari kwa pamoja.

Katika chakula tuwe waangalifu. Sifa ya mji ni utumbo uliojazwa damu na nyama ya nguruwe. Hata ngisi wa kujazwa huenda akachanganywa na nyama hiyo. Lakini bahari ni karimu, na samaki wa kuchoma hupatikana kwa urahisi. Atakaye nyama ya halali ainunue Seoul, katika maduka ya Itaewon yaliyo jirani na msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1976.

Siku moja iwe ya kijiji cha Abai. Huvukwa kwa kivuko kisicho na injini, kinachovutwa kwa mikono kwa kufuata waya wa chuma, na abiria huruhusiwa kusaidia. Waliokianzisha ni wakimbizi wa Hamgyong, kaskazini, waliokimbia vita vya 1950 hadi 1953. Walijenga vibanda juu ya mchanga kwa kudhani kuwa vita vikiisha watarejea. Silaha zilinyamaza, mpaka ukafungwa, na wengi wakafa bila kuwaona tena wazazi na ndugu waliowaacha. Neno Abai lenyewe, kwa lahaja ya kwao, ni mzee.

Tuwaonyeshe watoto wetu kijiji hiki, wapate kujua thamani ya kuunga udugu wakati njia ingali wazi. Nao walinuia kukaa siku chache. Sisi tunaopunguza swala kwa kuwa tunaijua siku ya kurudi, tumepewa neema ambayo wao waliikosa.