Matairi Nayo Yaingie Katika Bajeti ya Mama

Akina mama wengi tukiketi kupanga matumizi ya nyumba, tunaanza na unga, mchele, mafuta ya kupikia, ada za shule, na michango ya misiba na harusi. Kama nyumbani kuna gari, tunaandika petroli, basi. Matairi hatuyaandiki. Tunayaona ni mambo ya baba, na baba naye huyaona ni mambo ya siku yatakapopasuka. Siku hiyo ikifika pesa huwa hazipo, na mtu hununua chochote kilicho karibu kwa bei yoyote anayotajiwa.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nilihudumu katika chumba cha majeruhi cha hospitali iliyo kando ya barabara kuu. Nimepokea familia nzima ambazo dereva wao hakulewa wala hakusinzia. Tairi lilipasuka, gari likaacha njia. Wanaofanya kazi kama yangu hawawezi kulitazama tairi lililoisha wakasema, "Litatufikisha tu."

Mwanzoni mwa mwaka 2024 zamu ya kwetu ilifika. Mume wangu anafanya kazi mbali na hurudi nyumbani kila baada ya miezi miwili. Mimi ndiye ninayeliendesha gari letu dogo hapa Morogoro: kazini, sokoni, kanisani, na kila baada ya miezi mitatu kumpeleka mama mkwe kliniki ya macho Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 200 kwenda tu. Kliniki yake ilikuwa imepangwa mwezi wa Machi, na sote tunajua masika yakianza barabara ile inakuwaje. Mwezi wa Februari nikachukua rula ndogo ya karatasi tunayopimia vidonda, nikaiingiza katika mifereji ya tairi la mbele. Ilisoma milimita 2.

Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Kazi ya mifereji hiyo ni kuyatoa maji chini ya tairi ili mpira uguse lami. Kina kikipungua, maji hukosa pa kwenda, na gari huweza kuteleza juu yake hata ukikanyaga breki kwa nguvu zako zote. Ndani ya mifereji kiwandani huwekwa vijiti vifupi vya mpira, na vikilingana na uso wa tairi ujue umebaki na milimita 1.6, ambacho ndicho kikomo. Lakini kwa barabara ya mvua wataalamu wengi hushauri usisubiri hapo. Ukifika milimita 3 anza kutafuta mengine.

Nilimpigia mume wangu simu. Akasema, "Mama, nunua mawili ya mbele, mengine tutaona nikirudi." Nikamweleza kuwa yote manne yamelingana kwa kuisha, na kwamba hata tungenunua mawili tu, hayo mapya yangefaa kufungwa nyuma, si mbele. Jambo hili huwashangaza wengi. Tairi la mbele likiteleza, gari hukataa kukata kona, lakini ukipunguza mwendo taratibu hurudi mkononi mwako. La nyuma likiteleza, gari hugeuka lenyewe, na si rahisi dereva wa kawaida kulirudisha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nunua manne, ila usiguse pesa ya ada." Tukakubaliana kiasi: shilingi 600,000, isizidi hata senti.

Kulisoma tairi

Mama anayejua kusoma kadi ya kliniki ya mtoto hawezi kushindwa kusoma tairi. Ubavuni mwa matairi yetu pameandikwa 185/70 R14 88S. Namba 185 ni upana kwa milimita. Namba 70 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 70 ya upana huo. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na 14 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Namba 88 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 560, na S ni mwendo wa juu ambao tairi lilitengenezwa kuuhimili, kilomita 180 kwa saa. Ukiandika maandishi hayo kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, hakuna muuzaji atakayekwambia, "Chukua hili, linaingia tu." Yapo yanayoingia kwenye ringi lakini hayawezi kubeba uzito wa gari lako. Linganisha pia na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, maana huenda aliyelifunga la zamani naye alibahatisha.

Namba ya pili ya kusoma ni umri. Tafuta herufi DOT. Mwishoni mwa mstari wake kuna tarakimu nne. Ukiona 1223, lilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2023. Huenda zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo zunguka tairi lote. Mpira huzeeka hata usipotumika, hasa ukianikwa juani mbele ya duka. Hukauka na kupasuka nyufa ndogondogo. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6 hata kama bado lina mifereji, na makampuni kadhaa ya matairi huweka miaka 10 kuwa mwisho kabisa.

Matairi yako ya zamani nayo yana habari ya kukupa kabla hayajatupwa. Likiisha kingo zote mbili, lilikuwa likitembea na upepo mdogo. Likiisha katikati, upepo ulizidi. Likiisha ukingo mmoja tu, gari linahitaji kupimwa alaimenti, na usipofanya hivyo jipya nalo litaliwa vilevile. La kwetu la mbele kushoto lilikuwa limeisha ukingo wa ndani, hivyo nikajua kuna gharama nyingine inayonisubiri.

Kuuliza si ujinga

Nilizunguka maduka matatu kwa siku mbili, nikiuliza maswali yaleyale kila mahali na kuandika majibu kwenye daftari: kampuni gani, limetengenezwa lini, bei ya manne, kufunga shilingi ngapi, balansi shilingi ngapi, valvu mpya shilingi ngapi, na risiti ya EFD ipo?

Duka la kwanza kijana alitazama nyuma yangu, akauliza, "Mama, mzee hajaja?" Nikamjibu, "Pesa imekuja, kaka. Nitajie bei." Akasema 170,000 kwa tairi moja, pamoja na 40,000 ya kufunga na balansi. Jumla 720,000.

Duka la pili walinitajia 125,000 tu kwa tairi. Hapo hata mimi moyo ulichangamka, kwani jumla ilikuwa 500,000. Nikaomba niyaone. Yalikuwa yanang'aa kwa kupakwa dawa nyeusi, lakini tarakimu zilisoma 0717. Yalikuwa na miaka saba, hayajawahi kugusa barabara. Nilipomwonyesha muuzaji alicheka, akasema, "Mama, hiyo ni namba ya kiwanda tu." Nilimshukuru, nikaondoka. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Njiani nilipita kwa fundi pancha wetu wa siku zote, ambaye huniita sista. Yeye ndiye aliyenikumbusha habari ya matairi yaliyochongwa. Tairi lililoisha hukatwa mifereji mipya kwa chuma cha moto, likaonekana zima, kumbe mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba kama ganda. Pitisha kidole ndani ya mifereji: mkato wa mkono haulingani, na vijiti vya kikomo huwa vimekatwa. Kuhusu matairi ya mtumba alisema, "Sista, hujui limepita wapi." Kama mfuko unakulazimisha, angalau soma umri wake, na lipekue ndani kutafuta viraka. Likiwa na uvimbe ubavuni, liache. Uvimbe huo ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika.

Kupatana bei

Duka la tatu lilikuwa na matairi ya mwishoni mwa mwaka 2023. Bei ya kuanzia ilikuwa 160,000 kwa moja, kufunga na balansi 40,000, na valvu nne 12,000. Jumla 692,000. Nilikwenda asubuhi ya Jumanne, katikati ya mwezi, wakati wateja ni wachache na muuzaji ana nafasi ya kuzungumza.

Sikuanza na "punguza". Nilimsomea yaliyo kwenye daftari, nikamwambia, "Mwanangu, nataka manne, nalipa leo yote. Nipe bei moja ya kila kitu." Kupatana tairi moja moja huleta punguzo la elfu tano tano, kisha zinarudi kwenye kufunga na balansi. Jumla haina pa kujificha. Akashuka hadi 650,000. Nikamwambia nina 580,000. Akacheka, akasema hata yeye hakuyanunua kwa bei hiyo. Nikanyamaza. Akina mama hatupendi kunyamaza dukani, tunaona kama tunamkosea mtu heshima, na mara nyingi tunaijaza kimya hiyo kwa kuongeza bei wenyewe. Akasema 620,000. Nikamwuliza, "Kufunga, balansi na valvu, kazi hizo ni za vijana wako hapahapa?" Akasema ndiyo. Nikamwambia, "Basi niachie hizo, matairi tumalize kwa laki sita."

Akafikiri, kisha akainama, "Mama, nikupe kwa 570,000, ila bila risiti."

Elfu thelathini ni pesa. Ni kilo kadhaa za nyama. Lakini sheria yetu inamtaka mnunuzi adai risiti, na zaidi ya hapo, tairi likitoa uvimbe baada ya mwezi mmoja nitamrudia muuzaji na nini mkononi? Nikamwambia, "Laki sita na risiti, na uandike saizi na tarakimu za umri." Tukamaliza hapo. Ilikuwa pungufu ya bei yake ya kwanza kwa 92,000, na pungufu ya duka la kwanza kwa 120,000. Alaimenti niliilipia kwa pesa ya saluni yangu ya mwezi ule, na nywele nikasuka nyumbani.

Kabla hayajafungwa nilisoma tarakimu za yote manne, maana wakati mwingine moja la zamani huchanganywa katikati. Nilisimama mpaka mwisho. Nilihakikisha upepo umejazwa kufuata kibandiko cha mlangoni, na baada ya kutembea kama kilomita 80 nikarudi nati zikazwe tena. Wengi huisahau hatua hii.

Matairi ya zamani nilitoka nayo, nisije nikayakuta yamechongwa na kuuzwa kwa mama mwingine. Hapa naomba niseme kama muuguzi. Tairi lililotupwa uani hushika maji ya mvua, na maji hayo ndiyo mazalio ya mbu anayeeneza homa ya dengi. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Ukitaka kulitumia kwa kupandia mchicha, litoboe matundu chini na ulijaze udongo kabisa.

Mama mkwe alifika kliniki Machi ile. Mvua ilitukuta Chalinze, ikanyesha mpaka Kibaha. Yeye alisinzia njia nzima.

Tangu hapo nimeweka mstari mpya kwenye daftari la nyumba. Laki sita ukiigawanya kwa miezi 36 ni kama shilingi 17,000 kwa mwezi. Kiasi hicho naenda nacho kwenye kikoba, ili yatakapoisha haya pesa iwe inatusubiri. Na kila mwanzo wa mwezi, asubuhi kabla gari halijapata joto, napima upepo wa matairi yote manne na lile la akiba. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja kila linapozunguka, hupata joto, na joto hilo pamoja na mzigo na mwendo ndilo hulipasua. Kipimo cha mkononi hakina bei kubwa, na kazi yenyewe haizidi dakika kumi. Mwanangu wa darasa la sita sasa ndiye anayesoma namba na kuziandika.