Kasongo: Wifi wawili, sukari moja

KASONGO, MANIEMA – Katika parsele moja hapa mjini Kasongo wanaishi mama wawili wenye ugonjwa mmoja, lakini ukiwatazama hutaamini. Mwenye nyumba ni mfanyabiashara wa mchele na mawese sokoni, mnene, mwenye sauti ya kujulikana. Mwingine ni wifi yake, aliyefika kutoka upande wa Salamabila, teritware ya Kabambare, na watoto watatu na bahasha moja ya nguo, baada ya risasi kulia kijijini. Huyu ni mwembamba, mifupa ya shingo inahesabika. Wote wawili wana ugonjwa wa sukari.

Mwenye nyumba alipoambiwa ana sukari, hakuna aliyeshangaa. Watu husema ni ugonjwa wa wenye vitambi. Kwa wifi yake mambo yalikuwa mengine. Alikuwa anakunywa maji mchana na usiku, anatoka nje kukojoa mara tano kabla ya jogoo kuwika, na mwili unaisha. Majirani walisema amepewa sumu huko alikotoka. Bei ya mbuzi pekee aliyekuwa amebaki naye iliishia kwa mganga wa mizizi. Ni siku aliyoanguka kisimani ndipo wifi yake alipomburuta mpaka kituo cha afya. Wakamchoma kidole, wakapima tone la damu, na jibu likatoka palepale.

Mfanyabiashara akauliza swali ambalo wengi wangeuliza: «Munganga, mimi nina mafuta mwilini, sawa. Huyu mafuta yake yako wapi?»

Munganga alianza na mafuta yenyewe. Zamani watu walidhani mafuta ya mwili ni kama ghala la mchele: unaweka, unatoa, na ghala halisemi kitu. Mwaka wa 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, New York, waligundua leptini, protini inayotoka kwenye mafuta na kuupasha ubongo habari kwamba akiba ipo. Kumbe ghala lina watu ndani, na watu hao wanatuma ujumbe mwili mzima.

Mwaka wa 2001 kundi la Mitchell Lazar, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, likatangaza protini nyingine kutoka kwenye mafuta ya panya. Wakaiita resistini, kwa sababu inaufanya mwili uikatalie insulini. Insulini ndiyo inayoamuru sukari itoke kwenye damu na kuingia kwenye misuli. Panya wanene walikuwa na resistini nyingi. Panya wazima walipopewa protini hiyo, sukari yao ilishindwa kushuka vizuri. Panya wanene walipopewa dawa ya kuizuia, sukari yao ikashuka. Wengi wakafikiri siri ya unene na sukari imefunuliwa.

Lakini mtu si panya. Kwa binadamu resistini hutoka zaidi kwenye chembe za ulinzi wa mwili, zile zinazopambana na maambukizo, kuliko kwenye mafuta yenyewe. Mtu anaponenepa, hasa tumboni, chembe hizo huingia kwa wingi kwenye mafuta na kuwasha moto mdogo usiozimika. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani resistini inachangia sukari ya watu. Wakati huohuo adiponektini, protini nzuri ya mafuta inayoisaidia insulini, hupungua kadiri kitambi kinavyokua. Kwa hiyo insulini ya mfanyabiashara ipo, lakini inapiga hodi na haisikiwi.

Na wifi yake? Kwake huenda tatizo si kusikiwa. Huenda insulini yenyewe ni kidogo. Madaktari wamejua kwa muda mrefu kwamba katika nchi zenye njaa kuna watu wembamba wanaopata sukari. Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa huo kwenye orodha yake mwaka wa 1985, kisha likauondoa mwaka wa 1999. Mwaka wa 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliutambua tena na kuuita aina ya 5. Kituo hakina vipimo vya kuthibitisha kama mama huyu ni wa aina hiyo, na munganga hakujifanya anajua. Alichojua ni kwamba sukari iko juu na anahitaji insulini.

Kasongo si mgeni wa maswali makubwa. Kuanzia mwaka wa 1971 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilifanya kazi hapa, na mwaka wa 1981 matokeo ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo yalichapishwa katika jarida la Lancet.

Kilichomtisha zaidi mama wa Kabambare ni kuhifadhi dawa. Hakuna friji, na kesho anaweza kukimbia tena. Hapo kuna habari njema kutoka Kenya. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini iliyowekwa kwenye joto la nyuzi 25 hadi 37. Matokeo ya mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba nguvu yake ilidumu wiki nne. Chungu cha udongo chenye maji, kikiwekwa kivulini mbali na jiko, kinasaidia kupunguza joto. Chupa isiguse maji.

Kwa familia zilizohama: kiu isiyoisha, mkojo mwingi na kukonda bila sababu ni alama za kwenda kupimwa, hata kama mtu hana kitambi. Mwenye insulini asiiache ghafla. Akikimbia, abebe dawa na fishi yake pamoja na watoto.

Siku hizi wifi hao wawili wanatoka pamoja asubuhi. Mnene anatembea kwa miguu mpaka sokoni badala ya kupanda pikipiki, na sahani yake ya bugali imepungua, sombe imeongezeka. Mwembamba amechomwa sindano yake kwanza, kisha anakula, na sahani yake inajazwa. Hakuna tena anayetaja sumu katika parsele ile.