Bandari Iliyotuachia Kiti

Serikali ikihama, mji unaobaki nyuma hupotelewa na nini hasa? Swali hili hunijia mara kwa mara hapa Dodoma, kwetu sisi tulio upande wa kupokea. Uamuzi wa kutuletea makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, ukalala miaka mingi, na tangu 2016 tumekuwa tukipokea bila kupumua: wizara, malori ya makabati na majalada, watumishi na watoto wao wa shule. Mazungumzo yote ni ya kinachokuja. Mimi huwaza kule kinakotoka, na kule kilikotoka kabla ya huko.

Maana Dar es Salaam nayo ilipokea. Mwaka 1891 Wajerumani waliyahamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo, kwa sababu rahisi kiasi cha kumnyima mtu usingizi: bahari ya Bagamoyo haina kina. Maji yakipwa hurudi nyuma mbali sana, jahazi likalala ubavu juu ya mchanga, na mwenye mzigo akautia begani akatembea nao majini hadi pwani. Kwa jahazi hilo si neno. Jahazi limezoea kulala. Meli ya chuma hailali, na wenye meli za chuma ndio walioshika kalamu.

Mji una kosa gani katika kina cha bahari yake?

Nafikiri juu ya waliobaki. Palikuwa na liwali wa Sultani wa Unguja, majumbe wa Kishomvi waliojiona wenye mji, Wazaramo wa mashamba ya nyuma, Waarabu wa Oman, Wahindi wa maduka, mapadri waliofika mwaka 1868, na Wanyamwezi waliojaza kambi kila msimu wa misafara. Watawala walichukua muhuri na bendera. Mfumo wenyewe wa maliwali na maakida waliukuta pwani, wakapanda nao hadi bara. Je, wale majumbe walijua siku ile kwamba mji umekwisha kuondokewa? Au iliwachukua miaka, kidogo kidogo, kama mtu anayegundua kwamba siku hizi hodi hazipigwi mlangoni kwake?

Palikuwa pia na Sewa Haji, Mhindi aliyewakopesha wenye misafara bidhaa na kuwatafutia wapagazi, kisha akatoa mali nyingi kwa ajili ya shule na hospitali. Alifariki mwaka 1897, mwaka ule ule Wajerumani walipojenga Boma lao Bagamoyo. Leo ndugu wa mgonjwa akifika Muhimbili huambiwa, "Yupo Sewahaji, panda ngazi." Hupanda na chupa yake ya uji, jina likiwa mdomoni, na mtu mwenyewe hamjui. Hivi huko ni kukumbukwa au ni namna nyingine ya kusahauliwa?

Bagamoyo ya leo ni wilaya katika Mkoa wa Pwani. Hata makao makuu ya mkoa hayako kwake. Yako Kibaha, mji wa barabara kuu usio na ufukwe. Mwaka 2013 uliwekwa saini mkataba wa bandari kubwa mpya, jiwe la msingi likawekwa 2015, kisha mambo yakakwama, yakazungumzwa tena. Kufiwa ni kugumu. Kufiwa ukaahidiwa kwamba marehemu yuko njiani anarudi, sijui kunaitwaje.

Lakini hapa moyo wangu husita. Nalilia nini?

Ukuu wa Bagamoyo ulipita kwetu. Misafara ilipanda Usagara, ikapumzika Mpwapwa, kisha ikakabili Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunyweka. Hapo waliterekeza: wakaondoka jua likiwa juu, wakatembea hadi usiku, wakalala na kiu, wakaamka na safari. Waliovuka walifika kwenye visima vya Ugogo, na visima vilikuwa na wenyewe. Watemi walitoza hongo ya vitambaa, shanga na nyaya, na bila hongo hapakuwa na maji wala njia. Wasafiri Wazungu wameandika kurasa nyingi za kuwalaani watemi hao. Mimi nasema walikuwa forodha, tena forodha iliyojua thamani ya maji kuliko wengi wetu tunaosubiri maji ya bomba kutoka Mzakwe.

Wakati wa kurudi pwani ndipo pembe za ndovu zilipopita, zikipimwa kwa frasila. Frasila moja ni kama kilo 16. Mtu mmoja alibeba mbili, na pembe kubwa ilifungwa njuga kwenye ncha ili hatua zake zisikike. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakijivunia safari ya kwenda pwani. Nyuma yao, au katikati yao, walitembea wengine wenye kamba shingoni. Njia ilikuwa moja, vumbi lilikuwa moja. Mmoja alikuwa anakwenda kuwa mwanaume mbele ya kijiji chake. Mwingine alikuwa anakwenda kuuzwa.

Basi mji uliojengwa kwa mabega hayo ukifa, anga lake likatulia, milango yake ya nakshi ikaliwa na chumvi, nani ana haki ya kuketi tangani? Nawalilia wapiga nakshi. Siwezi kulilia biashara. Ila mlango ulilipiwa na biashara, na mkono uliouchonga ulikula humo. Nimejaribu kuvitenganisha na vimegoma.

Huku kwetu, upotevu una tabia nyingine. Bagamoyo imepoteza ikabaki na magofu: Boma lipo, ngome ipo, Kaole ina misikiti na makaburi ya matumbawe ya karne nyingi. Mgogo alijenga tembe, ukuta wa miti na udongo, paa bapa la udongo ambalo juu yake mtama ulianikwa. Tembe ikiachwa, mvua za misimu michache huirudisha ardhini. Huwezi kumpeleka mtoto kuitazama. Ni mwinuko mdogo tu shambani, na vigae vya chungu vikitokeza baada ya jembe kupita.

Reli ilitoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma 1910, ikaiacha Mpwapwa kando, kituo kikawa Gulwe. Misafara ikakatika, na pamoja nayo hongo. Kisha Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya pande zote mbili yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na kuanzia 1917 hadi 1920 Ugogo ukafa njaa iliyoitwa Mtunya. Mwaka 1970 na 1971 ikaja Operesheni Dodoma, watu wakatolewa kwenye tembe zao zilizotawanyika na kupangwa katika vijiji. Miaka miwili tu baadaye ikaamuliwa kwamba nchi hii ndiyo itakuwa makao makuu. Tulikuwa tumekwisha hamishwa kabla wageni hawajahamia. Magofu yako wapi? Msiba usio na magofu watu huutambuaje?

Pengine hutambuliwa kwa sikio. Mwanamuziki Hukwe Zawose alizaliwa Doduma, kijiji cha huku Ugogo, akakua na ala za kwetu, ilimba na zeze. Serikali changa ilimwita pwani, na baadaye akafundisha Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa. Alitengeneza malimba makubwa yenye vyuma vingi kuliko vile vya wazee wake, akaimba kwa sauti mbili, ya chini kifuani na ya juu kabisa kooni, na dunia ikamsikiliza. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Mgogo huyu alishuka njia ile ile ya misafara, bila mzigo wa mtu mwingine begani, akauletea mji ulioachwa kitu ambacho haukuwa nacho siku zake za fahari. Je, nacho kilikuwa upotevu kwetu? Nyumbani palibaki na nani wa kulipiga zeze? Nikikisikia chombo hicho redioni jioni sijui kama nisikie kilichookolewa au kilichoondoka.

Nauliza haya kwa sababu kiti sasa kiko kwetu, na sheria ya mwaka 2018 imetamka hivyo. Sina wivu nacho wala simwombei mtu akikose. Najua tu kimewahi kuketi mahali pengine, mara mbili.

Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha kwa UNESCO njia ya kati ya watumwa na pembe, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, kwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Dodoma haimo. Misafara ilipokuwa ikipita, mji huu haukuwapo.