Hakimu wa Muleba

Wanasheria wakizungumzia haki ya mwanamke katika ardhi ya ukoo, hulitaja shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory na jina la Jaji James Mwalusanya, aliyelitolea hukumu Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990. Namheshimu sana jaji huyo. Ila kila nikiisoma hukumu yake, mawazo yangu hunipeleka ng'ambo ya ziwa, Muleba, kwa hakimu L. S. Ngonyani.

Mama mmoja wa Kihaya alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo akaenda kupinga Mahakama ya Mwanzo, akashinda, kwa sababu kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi hiyo tu, si kuiuza. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Wilaya, kwa Ngonyani.

Aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya mahakama zetu ndogo anaijua kazi ya hakimu. Shahidi anaeleza, hakimu anaandika kwa mkono. Shahidi akienda mbio, anaambiwa asubiri kalamu. Jioni hakimu huyohuyo anakutana sokoni na aliyeshinda na aliyeshindwa, wote wananunua dagaa. Ukoo mzima unajua anakoishi. Kuwatamkia watu hao kwamba mila yao haisimami kunataka moyo.

Ngonyani aliwatamkia. Mahakama za juu zilikwisha kuikubali mila hiyo, na kama angezifuata tu, nani angemlaumu? Yeye akashika Hati ya Haki iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, ambayo mahakama zilianza kuitumia Machi 1988 tu, akampa mama yule haki yake.

Rufaa ilipofika Mwanza, Mwalusanya alikubaliana naye, na ndani ya hukumu akamtaja hakimu huyo kwa jina na kumpongeza. Hapo ndipo ninapojifunza zaidi. Sisi tuliopata vyeo, mara ngapi tunapokea sifa za kazi iliyoanzwa na mtu wa chini yetu, tukanyamaza?

Jaji naye alikuja kutenguliwa hukumu yake, katika shauri jingine. Mwaka 1994, Dodoma, alisema adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini ikasema Katiba inairuhusu. Simhesabu kuwa alishindwa. Alisema aliloliamini, akaandika sababu zake zote, na wanaotaka adhabu hiyo ifutwe wanazitumia hadi leo.

Kwa wanawake safari haikuishia Muleba. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikataa kuzifuta kanuni zilezile za 1963 katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga. Ndiyo maana natamani vijana wanaopangiwa uhakimu Ukerewe, Sengerema au Geita wapewe hukumu ya Mwalusanya waisome, na waanzie pale anapomtaja Ngonyani.