Gari Lililokunywa Maji

Nikikuambia kwamba hapa mtaani kwetu Kariokor palikuwa na gari lililokunywa maji kuliko punda wa mkokoteni, usidhani natia chumvi. Gari lenyewe ni la baba yangu mzazi. Chini halikudondosha hata tone, lakini kila asubuhi maji ya kupozea injini yalikuwa yamepungua. Yalikwenda wapi?

Baba ni dereva wa teksi, hizi zinazoitwa kwa simu. Mwaka 2023 alikopa pesa katika chama chao cha akiba akanunua gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme zikisaidiana. Magari haya si mageni duniani. Prius ya kwanza iliuzwa Japani mwaka 1997, hata mimi sijazaliwa. Hapa Nairobi yamependwa kwa sababu ya bei ya petroli: ukikwama kwenye foleni ya Ngara, injini hujizima na umeme ukalisukuma gari polepole. Siku hizo Baba alirudi jioni akitabasamu peke yake kama mtu aliyeokota noti.

Furaha hiyo haikutimiza miaka miwili. Asubuhi moja gari liliwaka likatetemeka kama mgonjwa wa malaria, kisha likatulia, likaenda kazini kana kwamba si lenyewe. Kesho yake vilevile. Majirani wote wakageuka mafundi. "Mzee, hiyo ni betri tu. Haibridi zote ugonjwa wao ni betri." Betri ile kubwa ni ghali mno, na Baba akakosa usingizi kwa ajili yake.

Fundi mmoja wa Ziwani ndiye aliyetutoa gizani. Alifungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti. Tatu zilikuwa na weusi wa kawaida. Moja iling'aa kama kijiko kilichooshwa. "Mzee, betri yako haina neno," akasema. "Hii gari inakunywa maji. Gasketi imeenda."

Nilikuwa nimesimama pale na sare ya shule, nikamwomba anieleze. Injini hii, alisema, hurudisha sehemu ya moshi wake ndani ili kupunguza joto la mwako. Moshi huo hupita kwanza kwenye kipozeo chenye vijia vyembamba. Miaka ikipita masizi huviziba, moshi haugawanyiki sawasawa, silinda moja ikapata joto kuliko wenzake. Mwishowe gasketi iliyo kati ya kichwa na bloku hupasuka. Usiku maji hupenya kidogo kidogo hadi ndani ya silinda, na asubuhi injini inajaribu kuchoma maji. Kumbe ile ndiyo mitetemo!

Nje ya soko letu, karibu na akina mama wanaouza vyondo, madereva hungoja abiria. Hapo ndipo Baba aligundua kwamba hayuko peke yake. Mmoja alibadilisha gasketi mara mbili kwa sababu hakuna aliyesafisha yale masizi. Mwingine alinunua injini nzima ya mtumba kule Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanaita Grogan. Wa tatu aliuza gari kwa hasara. Kila mmoja alidhani ni mkosi wake tu.

Mimi silichukii gari. Kinachonikera ni kuuziwa ukiwa umefumbwa macho. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo mengi hufika yakiwa na miaka 7, tayari na masizi ya wenyewe wa kwanza. Aliyetuuzia alimwambia Baba, "Lilitoka hapa likiwa zima," akarudi kwa chai yake.

Basi Baba akaniamuru niandike barua, maana mimi ndiye mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Nilitaja Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa bora, ya kupewa habari, na ya fidia bidhaa ikiwa na kasoro. Nilipoandika "kizibo cha kati ya kichwa na bloku", Baba alikunja uso. "Wee, andika gasketi! Huyo mtu asipate kisingizio."

Gari limelala Ziwani bila kichwa, limefunikwa turubai. Mkopo unaendelea kukatwa, na pesa zangu za chakula cha mchana za muhula huu hazijalipwa; mhasibu wa shule sasa ananijua kwa jina. Barua ilipokelewa, nakala yetu ikapigwa muhuri. Iko chini ya redio, na leo ni wiki ya tano. Simu ikilia nyumbani, sote hunyamaza.